Ile Picha Ilisema Nini?

Nimefanya kazi ya kutazama ndani ya miili ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika muda huo nimeulizwa maswali ya kila namna. Mzee mmoja wa Majita aliwahi kuniuliza kama mashine yangu ingeweza kuuonyesha uchawi aliotupiwa na jirani yake. Mama mmoja alitaka kujua kama eksirei ingeiona sarafu iliyomezwa na mwanawe, na kama ingeweza pia kusema ni ya shilingi ngapi. (Iliweza. Sarafu hujulikana kwa upana wake.) Maswali ya namna hiyo nayakumbuka kwa furaha. Lipo moja ambalo niliulizwa na kaka yangu mwaka 2004, nalo silikumbuki kwa furaha hata kidogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilizaliwa Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1954. Nyumba yetu ilikuwa kati ya ziwa na ile shule ambayo Mwalimu Nyerere aliingia mwaka 1934 akitokea Butiama. Kwa sisi tuliosoma pale baadaye, habari hiyo ilikuwa fimbo ya kila siku. Ukichelewa, mwalimu anakuuliza mwenzako alitembea maili ngapi. Ukishindwa hesabu, anakuuliza unadhani umekalia dawati la nani. Kwa hiyo tulikua tukijua kwamba kutoka Mwisenge mtu anaweza kufika mbali, ila hatukuambiwa wale wasiotoka wanakuwaje.

Kaka yangu hakutoka. Alinizidi miaka minane. Alipomaliza darasa la nne baba alikuwa mgonjwa, naye akaingia mtumbwini badala ya kuingia darasa la tano. Karo yangu ya miaka ya mwanzo ilitoka katika ningu na sato aliowavua, na shati langu la shule alilinunua kwa Mhindi mmoja karibu na Mwigobero kwa fedha ya dagaa. Alipokuwa akinikabidhi alisema, "Usome, mdogo wangu. Mimi nitakusomea ziwa." Ilikuwa mzaha wake. Alikuwa mtu wa mizaha sana, na jambo hilo lina nafasi yake katika habari hii.

Ziwa lilikuwa bafu letu, kisima chetu na uwanja wetu wa kuchezea. Tulioga humo, tulifua humo, tulichota maji ya kupikia humo, na jioni tulisimama majini hadi kiunoni tukisaidia kuvuta kokoro. Hatukujua kwamba katika majani ya ukingoni walikaa konokono wadogo, bapa kama kifungo cha shati, na kwamba kila jua lilipopanda waliachia majini vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi. Mtu huhisi mwasho kidogo, anajikuna, anasahau. Vijidudu vile havisahau. Vinasafiri kwa damu, vinakua, dume na jike vinakumbatiana, na kuanzia hapo vinaishi pamoja katika mishipa ya utumbo kwa miaka, wakati mwingine mingi, vikitaga mayai kila siku. Mengine hutoka na choo, yakarudi ziwani yakipata nafasi. Mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama huko.

Hiki ndicho kichocho cha tumbo. Mdudu wa kichocho aligunduliwa mjini Kairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na ndiyo maana vitabu vya zamani viliuita ugonjwa huu bilhazia. Sisi nyumbani hatukuuita jina lolote. Tuliita bandama. Mtoto aliyevimba tumbo upande wa kushoto alichanjwa chale chini ya mbavu na kupakwa dawa. Kaka yangu alikuwa nazo, safu mbili za mistari midogo, kama vile mtu aliyekuwa akihesabu siku zake ukutani. Ninazo na mimi, lakini safu moja tu.

Nilipofika Muhimbili katikati ya miaka ya sabini sikuwa na nia ya kuwa daktari wa mionzi. Nilitaka upasuaji, kama wote. Kilichonigeuza ni picha za taya. Mkoa wetu, hasa upande wa Mara Kaskazini ambako leo ni Tarime na Rorya, ulijulikana duniani kwa uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Kuanzia mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilifanya huko jaribio kubwa: watoto wadogo walipewa klorokwini mara kwa mara, ili ionekane kama malaria ikipungua na uvimbe ule utapungua. Hospitali ya Shirati ilihusika. Jaribio lilikoma mwaka 1982 na matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Uvimbe ulipungua kweli, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla dawa haijagawiwa, kwa hiyo hapana aliyeweza kusema kwa uhakika. Wenzangu waliona hilo kama kushindwa. Mimi lilinivutia. Watu walikuwa wamefanya kazi miaka mitano katika nchi ya kwetu na walikuwa waungwana wa kutosha kusema kwamba jibu halijapatikana.

Siku moja mwalimu wetu alitundika kwenye kisanduku cha taa picha mbili za taya ya mtoto, moja ya wiki kadhaa kabla ya nyingine. Katika ile ya kwanza mimi sikuona kitu. Akachukua penseli akanionyesha: kuzunguka mzizi wa kila jino kuna mstari mweupe mwembamba sana, na katika jino moja la nyuma mstari ule ulikuwa umetoweka. Basi. Uso wa mtoto ulikuwa bado mzuri, mama yake alikuwa bado hajui, lakini picha ilikuwa imekwisha kusema. Usiku ule nililala nikiuwaza mstari ule. Nilipoomba kusomea mionzi, rafiki zangu walinicheka kwamba nakwenda kukaa gizani na ndoo za dawa, na kwa hilo hawakukosea. Miaka ya themanini filamu zilikuwa adimu kama sukari, tulizikata vipande ili zitoshe, na vidole vyangu vilinuka dawa ya kusafishia picha hata siku ya Idi.

Nilipelekwa Ujerumani kwa mafunzo, nikarudi mwaka 1988 nikiwa na suti moja, vitabu viwili, na mapenzi makubwa ya mashine ya ultrasaundi.

Nieleze mashine hiyo kidogo, maana watu huichanganya na eksirei. Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni mionzi inayopita mwilini na kuacha kivuli upande wa pili. Ultrasaundi haina mionzi. Ni sauti, ila ni kali mno kiasi kwamba sikio la binadamu haliisikii. Mvuvi wa Musoma anaielewa haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari. Usiku wa ukungu, ukikaribia pwani yetu yenye majabali, unapiga ukelele na kusikiliza: sauti ikirudi upesi, mwamba uko karibu, geuza mtumbwi. Kile kifaa tunachokiweka tumboni mwa mgonjwa kinapiga kelele na kusikiliza, mara maelfu kwa sekunde, na mashine inachora mahali kila mwangwi ulikotoka. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliandika juu ya matumizi yake tumboni mwaka 1958, mwaka uleule wa Burkitt. Faida yake kwetu ilikuwa kubwa: haidhuru, picha inaonekana papo hapo, na kuna mashine ambazo mtu mmoja anaweza kuzibeba. Siti skani, ambayo mgonjwa wa kwanza alipimwa nayo London mwaka 1971, ni chombo cha ajabu na mwaka 1979 waliokibuni walipewa Tuzo ya Nobel, mmoja wao akiwa Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Lakini siti skani huwezi kuipakia kwenye mtumbwi.

Tena ultrasaundi ilinipa jambo ambalo daktari wa mionzi wa zamani hakuwa nalo, yaani mkono. Zamani sisi tuliona na kuandika tu. Wa kutibu alikuwa mwingine. Mwaka 1953 daktari Msweden, Sven-Ivar Seldinger, alionyesha njia ya kuingiza mpira mwembamba katika mshipa bila kupasua: sindano kwanza, waya ndani ya sindano, sindano inatolewa, mpira unafuata waya. Njia nyepesi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini haikufikiriwa zamani. Mwaka 1964 Charles Dotter wa Oregon, Marekani, akatumia mipira ya namna hiyo kuuzibua mshipa wa mguu wa mama mmoja aliyekuwa akatwe mguu. Tangu hapo wanaosoma picha wakaanza pia kutibu kwa kuongozwa na picha.

Mimi nilianza na majipu ya ini. Mgonjwa analetwa na homa na maumivu ya ubavu wa kulia, unamweka kifaa tumboni, unaona shimo jeusi katikati ya ini. Unampa ganzi, unaingiza sindano huku ukiitazama kwenye kioo ikishuka kama uzi wa ndoana unaomeremeta, na inapofika unavuta. Usaha wa jipu la amiba haufanani na usaha mwingine. Ni kama uji wa ulezi, rangi hiyohiyo na uzito huohuo. Mgonjwa aliyekuja amejikunja anaondoka kesho yake amenyooka. Nilijiona mganga mkuu. Nilitoboa ini baada ya ini, na nilipoanza kukusanya hesabu ili niandike makala, nikajiona pia mtafiti.

Kisha katika hospitali moja ambayo sitaitaja, maana kosa halikuwa la hospitali, nilimtoboa kijana mmoja bila kusubiri kipimo cha kuganda kwa damu. Kipimo kilikuwa kichelewe hadi jioni na mimi nilikuwa na gari la kuwahi. Alivuja damu ndani kwa saa sita. Aliokolewa na daktari mpasuaji ambaye hakuniambia neno, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko matusi. Katika ile makala kijana huyo yumo. Yumo kama tarakimu moja katika safu ya madhara, naye amekaa vizuri tu pale, hana jina wala mama anayelia ukumbini. Niliona wakati ule kwamba jedwali lina upole wa ajabu kwa anayeliandika. Niliona, lakini sikujifunza.

Sasa nije kwenye kichocho.

Mwaka 1904, huko Misri, daktari aitwaye Symmers alieleza ini la mgonjwa wa kichocho lilivyo likikatwa. Kovu huota kuizunguka mishipa inayoleta damu kutoka utumboni, kovu nene na jeupe, hata ukikata ini unadhani mtu amechomeka ndani yake mashina ya kiko cha udongo. Babu yangu alivuta kiko cha namna hiyo, na shina lilipovunjika tulichezea vipande vyake, kwa hiyo nilipousoma mfano huo niliuona bila kuchorewa. Damu ikishindwa kupita kwenye mashina hayo hurudi nyuma. Bandama inavimba. Damu inatafuta vichochoro, na kimojawapo ni mishipa midogo iliyo katika umio, chini kidogo ya kifua. Mishipa hiyo haikuumbwa kwa mzigo ule. Inatuna, inakonda ngozi, na siku moja mtu ambaye jana alivuta nyavu anatapika damu beseni zima. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba ini lenyewe linaendelea kufanya kazi vizuri muda mrefu. Mtu hana manjano, hakondi, anafanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana anapoanguka watu husema amelogwa, na kwa kweli, ukimtazama kwa nje, ungesema nini kingine?

Mashina yale yanaonekana kwa ultrasaundi. Jambo hilo lilibadilisha utafiti wa kichocho kote, kwa sababu sasa iliwezekana kupima madhara kwa watu walio hai, kijijini kwao, bila kuwakata. Wasudani walikuwa wametangulia. Walionyesha kwamba watoto wakipewa dawa ya prazikwanteli, makovu yao yanaweza kupungua. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, wakakubaliana namna moja ya kusoma picha, ili ini la Senegali na ini la Musoma yaweze kulinganishwa. Utaratibu huo Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mwaka 2000. Unatumia herufi na mifano. A ni ini zima. B ni ini lenye nukta nyingi, kama mbingu ya nyota. C ni pete na mashina. D ni kovu linalozunguka lango la mshipa mkuu kama ukosi wa nguo. E ni mabaka yaliyotanda kutoka langoni. F ni mistari inayofika hadi ukingo wa ini, nao wameifananisha na kucha za ndege. Niliposoma hayo nilifurahi. Nilidhani nimepata lugha.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye mwalo mmoja si mbali na Mwisenge, na mashine, jenereta, na vijana wawili wa kuandika. Tulifunga turubai chini ya mwembe ili kioo kisomeke, tukaunganisha madawati mawili yakawa kitanda. Jeli iliisha siku ya tatu tukatumia mafuta ya kupikia, na watu waliondoka wakinukia chapati. (Baadaye nilisoma kwamba wenzetu wa Kongo wamejaribu unga wa muhogo uliochemshwa, nao ukafanya kazi. Laiti tungelijua, muhogo ulikuwa umejaa kila ua.) Kinachoitwa utafiti, msomaji wangu, kwa sehemu kubwa ni kupanga watu mstari, kupima jambo lilelile tena na tena, kumwita mwenzako apime bila kuona ulichoandika, kisha kugombana naye kwa milimita mbili. Kila mtu alipewa namba. Majina yaliandikwa katika daftari jingine lililofungwa kwenye sanduku, na hilo ni jambo jema, ni la kulinda siri za watu. Kila aliyepimwa alipewa prazikwanteli, vidonge vingi vichungu, na maandazi ya kuvisindikiza.

Kaka yangu alikuja siku ya nne. Alikuwa na miaka 51. Alipanga mstari kama wengine, na zamu yake ilipofika alipanda madawatini akisema kwa sauti kwamba leo anatazamwa ndani na mtoto aliyemfuta kamasi. Watu wakacheka. Nikaweka kifaa.

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Lango la ini lilikuwa jeupe, na weupe ulitanda kama maziwa yaliyomwagika. Mshipa mkuu ulikuwa milimita 16. Kwa mtu mzima, ukizidi 13 unaanza kuuliza. Bandama ilishuka hadi chini ya zile chale zake. Nikamtajia kijana wa kuandika: namba 114, E, 16. Tulikuwa tukisema Kiingereza.

"Haya, Daktari," kaka akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na mstari mzima, "umeona nini humo?"

Nikamjibu, "Ini lako ni la mvuvi."

Watu wakacheka tena, naye akacheka kuliko wote. Akashuka, akanywa vidonge vyake, akala andazi lake na la mtu mwingine, akaenda.

Nimejitetea mara nyingi kuhusu jibu lile. Mstari ulikuwa mrefu. Si mahali pa kumwambia mtu habari za ini lake, mbele ya majirani. Tena ningemwambia nini? Kamera ya kutazama umio haikuwa Musoma wakati ule, na kwa kovu la miaka arobaini vidonge vya siku moja vingesaidia kidogo tu. Nilikusudia kumwendea jioni. Jioni jenereta lilileta matatizo, kesho yake tukahama mwalo, na wiki iliyofuata nilikuwa Dar es Salaam naingiza namba 114 kwenye kompyuta pamoja na wenzake wote. Alikuwa amepata dawa. Utaratibu ulikuwa umefuatwa. Utetezi huu wote ni wa kweli, na kwa miaka saba ulinitosha.

Lakini lilikuwapo neno moja ambalo ningeweza kumwambia hata bila kamera, hata hapo madawatini, kwa kumnong'oneza sikioni. Kaka yangu aliumwa mgongo, kama wavuvi wote wa umri wake, na kila jioni alimeza asprini mbili, wakati mwingine nne. Nilijua. Nilikuwa nikimletea mwenyewe kopo kutoka Dar es Salaam, kama zawadi. Asprini hulainisha damu na kukwaruza tumbo. Kwa mtu mwenye mishipa iliyotuna, ni kama kumwaga mafuta ya taa karibu na jiko. Daktari yeyote anajua. Mimi nilijua ini la namba 114 na nilijua mgongo wa kaka yangu, ila mambo hayo mawili yalikaa katika vyumba viwili tofauti vya kichwa changu, kama yale madaftari mawili, moja la namba na moja la majina.

Alianguka Mwigobero, Machi 2004, wakishusha dagaa. Nilikuwa mkutanoni nikionyesha picha za maini. Simu ilitetemeka mfukoni nikaizima, ikatetemeka tena nikaizima. Mara ya tatu nilitoka ukumbini, nikamsikia shemeji yangu akisema kwa sauti tulivu kabisa, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani, kwamba kaka yako ametapika damu, ametapika tena, sasa tuko kwenye gari tunampeleka Mwanza.

Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Alifika. Damu ilisimama yenyewe, kama inavyotokea kwa wenye bahati, baada ya kuongezewa chupa nne. Nilimkuta asubuhi ya pili, mweupe midomo, chupa ya tano ikidondoka. Nilianza kumweleza kilichotokea: mayai, makovu, lango la ini, vichochoro vya damu. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha, bila mzaha wowote, akauliza:

"Ile picha uliyonipiga kwenye mwembe, ilisema nini?"

Nikanyamaza.

"Ilisema haya?"

"Ndiyo, kaka."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Baada ya muda akasema, "Basi ungeniambia nisiwapakie watoto kwenye mtumbwi peke yangu usiku." Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Mimi nilikuwa nikiwaza asprini. Yeye alikuwa akiwaza kwamba kwa miaka saba alikuwa akitoka na vijana wawili wa marehemu dada yetu kuvua dagaa kwa karabai, mbali na nchi kavu, yeye pekee akiwa mtu mzima, na kwamba angeanguka kule, wale wangefanya nini.

Nilimchukua hadi Dar es Salaam. Mishipa ya umio ikafungwa kwa kamera, mara tatu kwa miezi kadhaa, akapewa na vidonge vya kupunguza nguvu ya damu. Asprini ikakoma. Mtumbwi akaukodisha kwa wengine. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi na hakutapika damu tena. Alifariki mwaka 2015, usingizini, na ini silo lililomwua.

Kwa upande wangu nilibadili utaratibu wa meza yangu. Kioo nilikigeuza kimwelekee mgonjwa. Mwishoni mwa kila kipimo nilimwuliza mtu anafanya kazi gani, anameza nini, na nani anamtegemea, na niliwalazimisha wanafunzi wangu waandike majibu. Baadhi walilalamika kwamba wanachelewa, na kweli walichelewa. Katika makala zangu za baadaye watu walipungua, kwa sababu niliweza kupima wachache kwa siku, na mhakiki mmoja aliniandikia kwamba idadi ni ndogo mno. Alikuwa na haki.

Nilistaafu mwaka 2014. Mambo yamesonga bila mimi. Kuanzia mwaka 2018 madaktari wa Muhimbili, wakisaidiwa na wenzao kutoka Marekani, walianza kujenga ubingwa kamili wa tiba inayoongozwa na picha, na wahitimu wa kwanza waliofundishwa hapahapa nchini walitoka mwaka 2021. Wanazibua njia za nyongo, wanatoa mkojo kwenye figo zilizoziba, wanafanya kwa sindano mambo ambayo sisi tuliyaona katika majarida tu. Niliwahi kualikwa kuwatazama. Kijana aliyekuwa akitoboa alisubiri kipimo cha damu saa mbili nzima na wala hakuonekana kuwa na gari la kuwahi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza kwamba dawa ya kichocho wapewe pia watu wazima katika maeneo yenye ugonjwa, si watoto wa shule peke yao. Konokono bado wapo. Nikiwa Mwisenge hutembea ukingoni asubuhi, na watoto bado wamo majini.

Mwaka mmoja kabla kaka hajafa nilikuwa nikipanga makaratasi yangu ya zamani, nikaikuta ile fomu. Namba 114. Nilipaswa kuichoma pamoja na nyingine, muda wake ulikuwa umepita. Nikampelekea. Hakujua Kiingereza, nikamsomea kila mstari kwa Kiswahili, polepole, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake. Alipofika kwenye herufi E akaniuliza kuna herufi ngapi, nikamwambia hadi F. "Kumbe nilikuwa wa pili kutoka mwisho," akasema. "Shuleni nilikuwa hivyohivyo." Akaikunja akaiweka katika lile kopo la bati analohifadhia leseni ya mtumbwi.

Baada ya mazishi shemeji alinitolea kopo akaniuliza karatasi hii ya Kizungu ni ya nini, na kama ina faida yoyote kwa watoto. Nikamsomea na yeye. Aliisikiliza yote, akauliza na wale vijana wawili nao wapimwe lini, tukapanga siku, kisha akairudisha koponi chini ya leseni.